Tupeane uzoefu: raha ya kutoa wingu kubwa la vepu (sigara ya kielektroniki), na usalama wake

Mkazi wa Chumbageni
Jana jioni pale Raskazone, hapa Tanga, nilikuta kundi la vijana wamejibanza kwenye ukuta, wakishindana nani atatoa wingu kubwa zaidi la mvuke kwa pumzi moja, huku mwenzao akiwarekodi kwa simu. Mmoja alitoa wingu lililomfunika kuanzia kofia hadi kiunoni, na watu waliokuja kupunga upepo wakampigia makofi. Nikakumbuka mengi niliyoyaona mjini humu tangu vifaa hivi vilipoanza kuonekana mikononi mwa vijana wetu. Waliowahi kuvuta, kuuza, kutengeneza au kumuuguza mtu kwa sababu ya vepu, naomba tupeane uzoefu. Raha ya wingu hilo ni ipi hasa, na usalama wake ukoje?

Kusi la Raskazone
Huenda mmoja wa hao uliowaona nilikuwa mimi, kwa hiyo acha niwasemee wenzangu. Anayevuta kwa ajili ya nikotini hahitaji wingu. Kifaa kidogo chenye nikotini kali kinamtosha, anavuta kidogo na kukirudisha mfukoni. Sisi tunalitafuta wingu lenyewe. Kimiminika chetu kina gliserini asilimia 70 au 80, kwa sababu gliserini ndiyo inayotoa mvuke mzito, na nikotini tunaishusha hadi miligramu 3 kwa mililita au tunaiondoa kabisa, maana kwa mvuke mwingi kiasi kile ukivuta yenye miligramu 20 utapata kizunguzungu na kichefuchefu papo hapo. Koili, yaani waya unaokichemsha kimiminika, tunaisuka iwe na ukinzani mdogo, chini ya omu 1, ili umeme mwingi upite, matundu ya hewa tunayafungua yote, na pumzi inashuka moja kwa moja hadi mapafuni kama kwenye shisha, haikai kwanza mdomoni.

Baada ya hapo unabaki ufundi. Yupo anayepuliza pete na kuisukuma kwa kiganja bila kuivunja, na yupo anayeumwaga mvuke ukatambaa juu ya meza, kisha akauinua kwa ncha za vidole ukazunguka wima. Wakati wa kusi upepo wa bahari huivunja pete kabla haijakamilika, ndiyo maana ulitukuta ukutani. Anayetaka kuona maajabu apande Lushoto mwezi wa Julai alfajiri, kwenye baridi na unyevu, aone wingu lile lile linavyokawia hewani na kuonekana kubwa kuliko alivyolizoea huku chini.

Bint Makorora
Hayo ya Lushoto ni kweli tupu, nimeyashuhudia Soni tukisubiri basi.

Mama wa Mikanjuni
Mimi sivuti, lakini nimevutishwa. Nilipanda bajaji pamoja na mwanangu mwenye pumu, na dereva, kijana mzuri tu mwenye adabu, akawa kila tukisimama anatoa wingu ambalo lote linarudi nyuma kwetu kwa sababu turubai la pembeni alikuwa amelishusha kuzuia mvua. Nilipomwomba aache, alinijibu kwa upole kwamba nisiwe na wasiwasi, ule ni mvuke wa maji wenye harufu ya embe. Mtoto alikohoa hadi tukashuka njiani na kutembea. Raha ya mtu mmoja isiwe kero ya abiria watatu.

Kusi la Raskazone
Pole sana shangazi, huyo dereva alikosea kuvuta ndani ya bajaji iliyofungwa. Hata hivyo tusiichanganye vepu na sigara. Hapa hakuna tumbaku inayoungua, hakuna majivu, na hakuna lami inayoganda mapafuni.

Mwalimu Mstaafu wa Kemia
Mwanangu, umesema kweli kuhusu lami, lakini mama naye alidanganywa, tena si kidogo. Ule si mvuke wa maji. Ni matone madogo mno ya gliserini na propilini glaikoli, pamoja na viungo vya ladha na nikotini kama imo, yanayoelea hewani na kuingia katika pua ya kila aliyepo, na mtoto mwenye pumu haulizi kama kilichomkera kina lami au hakina. Isitoshe, gliserini ikipashwa joto kupita kiasi huvunjika na kutoa akrolini, kitu kikali ambacho hata mpishi hukifahamu kwa pua, kwani ndicho kinachochoma macho mafuta yanapoungua katika karai. Kadiri mnavyoongeza wati ili wingu likue, ndivyo pamba inayoipelekea koili kimiminika inavyokauka upesi, na pamba ikikauka koili inaendelea kuchemka bila kimiminika cha kutosha cha kuipoza.

Kusi la Raskazone
Shikamoo mwalimu. Pamba ikikauka mvutaji anajua mara moja, kwa sababu koo linawaka na ladha inakuwa ya kitu kilichoungua. Hakuna anayerudia mara ya pili.

Mwalimu Mstaafu wa Kemia
Marahaba. Ile ya kwanza imekwishaingia.

Shemeji Mtu
Nilikuwa nasoma kimya kimya, lakini neno betri halijatajwa hata mara moja, na mimi siwezi kuisikia vepu bila kuikumbuka betri.

Ilikuwa harusi ya mdogo wangu, Ngamiani, usiku wa kumtoa bwana harusi. Mpiga picha alikuwa ameona mahali fulani mtindo wa marafiki kusimama safu mbili na kumpulizia bwana harusi mvuke kutoka pande zote, ili atokeze katikati ya wingu akiwa na joho lake, na kusema kweli majaribio ya jioni yalipendeza hata wazee waliokuwa wakinywa kahawa barazani waliacha mazungumzo wakatazama. Mkuu wa shughuli hiyo alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yetu. Alikuwa na vepu ya bomba la shaba, ile isiyo na saketi yoyote ndani: unabonyeza kitufe na umeme unatoka kwenye betri kwenda kwenye koili bila kuulizwa. Kwa kuwa betri moja isingemaliza usiku, aliweka nyingine ya akiba katika mfuko wa kanzu, na mfuko huo huo ulikuwa na funguo za pikipiki na sarafu za chenji.

Bwana harusi alipotoka, vigelegele vikapigwa, wingu likapanda, na katikati ya kelele zile mimi nilisikia mlio wa kitu kinachofoka, mkali na wa mfululizo. Nilidhani ni fataki. Kisha nikaona mwanga mweupe ukitoka ubavuni mwa shemeji. Alijipiga kofi pajani kama mtu aliyeumwa na nyuki, akaingiza mkono mfukoni kuitoa betri, nayo ikamchoma kiganja, ikaanguka chini na kuendelea kutoa moto ikizunguka miguuni mwa watu. Wanawake walikimbia upande mmoja na waliokuwa na watoto upande mwingine. Kijana mmoja wa jirani alimwaga mchanga juu ya betri, na hilo lilikuwa jambo la akili kuliko yote yaliyofanyika usiku ule, kwa sababu sisi wengine tulikuwa tunaishangaa betri huku kanzu ikiendelea kuungua. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha nailoni. Hakikuwaka moto mkubwa, kiliyeyuka na kushika ngozi.

Tulimlaza uani. Shangazi mmoja akaja na dawa ya meno, mwingine na asali, na kabla hatujaamua nani asikilizwe paja lilikuwa limepakwa vyote viwili. Hospitalini, kazi ya kwanza waliyoifanya ilikuwa kuviondoa vitu hivyo, na kilio alichokitoa wakati huo kilikuwa kikubwa kuliko cha mwanzo. Baadaye ilibidi abandikwe ngozi iliyotolewa paja la pili. Anatembea vizuri leo, lakini kidole gumba cha mkono ule hakikunji sawasawa. Na picha ya wingu ilitoka nzuri ajabu. Ipo kwenye albamu, na dada yetu hataki kuiona.

Bint Makorora
Subhanallah. Mpe pole nyingi shemeji yako.

Mpenda Asali wa Duga
Poleni sana. Ila asali msiilaumu, bibi yangu alitutibu moto kwa asali na hatukubaki na kovu.

Mama wa Mikanjuni
Bibi yako alitibu moto wa uji, kaka. Kwa moto wa namna hiyo ni kuvua nguo ambayo haijashika ngozi, kuvua pete na saa, na kuweka jeraha chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha kulifunika kwa kitambaa safi na kwenda hospitali. Barafu nayo isiwekwe.

Baharia wa Pangani
Nisikilizeni bila kunikasirikia. Kisa kinasikitisha, lakini kilichomuunguza ni funguo. Hata betri ya tochi ingefanya hivyo. Wingu halikuhusika.

Shemeji Mtu
Mtu ameungua, wewe unatafuta wakili wa wingu.

Fundi wa Barabara ya Nane
Ndugu zangu, mwacheni baharia aseme, kwa sababu amesema nusu ya ukweli na mimi niongeze nusu nyingine. Ni kweli kwamba betri iliyo peke yake ikigusana na funguo inapiga shoti, iwe ya vepu au ya tochi. Lakini jiulizeni kwa nini bwana yule alitembea na betri ya akiba. Anayevuta kidogo hana haja nayo. Anayetaka wingu anaimaliza betri upesi, kwa hiyo lazima abebe nyingine, na asipokuwa na kikopo cha plastiki cha kuihifadhi ataitia mfukoni.

Hesabu yenyewe ni hii, na ninaiandika kila mara kwenye karatasi mteja anaponiletea koili. Betri hizi za milimita 18 kwa 65 zikijaa huwa na volti 4.2. Gawanya kwa ukinzani wa koili. Koili ya omu 0.5 inavuta ampea 8.4, na betri nzuri haitatikisika. Koili ya omu 0.2 inavuta ampea 21, hapo unahitaji betri iliyoundwa mahsusi kwa kazi nzito. Koili ya omu 0.1 inavuta ampea 42, wakati betri nyingi zilizo bora kabisa uwezo wake wa kuendelea bila kuchemka ni kati ya ampea 20 na 30. Kijana anakuja dukani ananiambia, fundi, nishushie hadi 0.1, rafiki yangu anayo hiyo. Mimi simsukii. Wengine wananiona mwoga, wanakwenda kwa mwingine.

Jambo la pili ni chanzo cha betri. Humu mjini kuna mtindo wa kuvunja betri za kompyuta mpakato zilizokufa, kuchagua zile ambazo bado zinashika chaji, kuzivika ganda jipya la rangi na kuziuza. Betri za namna hiyo ziliundwa zitoe umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu, na nyingi hazikukusudiwa kutoa hata ampea 10. Ganda likichanika karibu na ncha ya juu, bomba lenyewe la chuma linakuwa waya, na kwenye vepu isiyo na saketi hakuna kitu cha kukata umeme.

Baharia wa Pangani
Simu nazo hulipuka, na hakuna anayeanzisha mjadala wa simu.

Fundi wa Barabara ya Nane
Simu ina saketi ya ulinzi na betri yake haitolewi ikachanganywa na sarafu. Pia simu hukai nayo mbele ya meno. Mwaka 2018 huko Florida, na mwaka 2019 huko Texas, watu walifariki baada ya vepu kuwalipukia usoni. Ni matukio machache ukilinganisha na wingi wa wavutaji, sikatai.

Mpenda Asali wa Duga
Mbona nilisikia kwamba Marekani walikufa wengi, na sababu ilikuwa mawingu haya makubwa?

Mwalimu Mstaafu wa Kemia
Hapo umechanganya mambo mawili. Ugonjwa wa mapafu wa mwaka 2019 uliolaza hospitalini watu 2,807 na kuua 68 kufikia Februari 2020 ulihusishwa hasa na vimiminika vya bangi vilivyochanganywa na asetati ya vitamini E, vingi vikiwa vimenunuliwa mitaani. Gliserini ya mvuta wingu wa kawaida haikuwa chanzo kikuu. Lakini somo la kununua chupa isiyo na asili inayojulikana liko pale pale, kwa sababu hata ladha tamu za siagi na maziwa zimewahi kupimwa zikakutwa na diasetili, kemikali iliyowaumiza mapafu wafanyakazi wa viwanda vya bisi.

Bint Makorora
Na chupa zenyewe zinafanana na za dawa ya macho. Kwetu ilibaki kidogo mtoto aonje ile ya ladha ya stroberi. Wenye nikotini majumbani wekeni juu ya kabati.

Baharia wa Pangani
Ushauri wangu kwa vijana ni mmoja: njooni Pangani mkae mtumbwini, mvute upepo wa bure.

Kusi la Raskazone
Baharia sasa umegeuka. Fundi, mimi nina ya saketi, inakataa kuwaka koili ikiwa chini ya kipimo chake, na natumia omu 0.4. Nina betri za zamani ambazo ganda limechubuka. Nizitupe jalalani?

Mama wa Mikanjuni
Zitupe mbali kabisa.

Fundi wa Barabara ya Nane
Jalalani hapana, kwa sababu taka huchomwa na watoto huchezea pale. Ziba ncha zote mbili kwa utepe wa umeme, kila moja peke yake, uniletee kwenye kopo la plastiki. Ganda jipya nitakuvika kwa zile zisizo na kovu. Zilizobonyea nitabaki nazo. Nafungua baada ya alasiri, na siku ya Ijumaa sifungui.