Wallace na Ali: yule ndege ni wa nani?

Mwalimu wa Mida (Malindi) anauliza:

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Malindi. Kila mwaka nikifika kwenye mada ya mageuko ya viumbe, Charles Darwin humchukulia vipindi viwili vizima, na Alfred Russel Wallace humtaja kwa sentensi moja kengele ikikaribia kulia. Muhula huu niliona haya, nikamsoma vizuri, na sasa nimebaki na swali lililonishinda mbele ya wanafunzi.

Wallace alizaliwa mwaka 1823 karibu na mji wa Usk, Wales. Mali ya nyumbani kwao ilipokwisha aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akajifunza kupima ardhi. Mwaka 1848 alikwenda Amazon, akakaa huko miaka minne, na alipokuwa njiani kurudi meli ikashika moto katikati ya Atlantiki, ikateketea pamoja na shehena yake ya wadudu na ndege. Yeye na mabaharia walikaa siku 10 katika mashua kabla ya kuokolewa. Mtu mwingine angefungua duka. Yeye mwaka 1854 alisafiri tena, safari hii kwenda visiwa vya Wamalayu, kusini-mashariki mwa Asia, akakaa miaka 8 na kurudi na sampuli 125,660, ambazo 83,200 kati yake zilikuwa mbawakawa tu. Hakuwa na mshahara wala cheo: wakala wake wa London, Samuel Stevens, alikuwa akiwauzia sampuli matajiri na makumbusho, na hapo ndipo yalipotoka matumizi yake.

Swali langu linamhusu Ali. Huyu alikuwa kijana Mmalayu aliyeajiriwa Sarawak, katika kisiwa cha Borneo, mwaka 1855 awe mpishi na msaidizi, akajifunza kupiga bunduki na kuchuna ndege kwa ustadi, hata sehemu kubwa ya ndege 8,050 wa Wallace ikawa ni kazi ya mikono yake. Oktoba 1858, katika kisiwa cha Bacan, Ali alirudi kutoka msituni na ndege wakimning'inia kiunoni. Mmoja wao alikuwa na ngao ya kijani inayometa kifuani, na katika kila bawa manyoya mawili meupe, marefu, yanayosimama kama bendera. Alikuwa ndege wa peponi ambaye wataalamu wa Ulaya hawakuwa wakimjua. Mwaka uliofuata alipewa London jina la Semioptera wallacii.

Mwanafunzi mmoja wa kike akanyanyua mkono na kuuliza: "Mwalimu, aliyemwona ni Ali, aliyempiga ni Ali. Mbona asiitwe ndege wa Ali?" Nilibabaika. Naomba mnisaidie: Wallace tunamwita mtangulizi kwa lipi hasa?

Kipepeo wa Gede anajibu:

Waaleikum salaam, Mwalimu. Nitangulize kusema kwamba sina sababu ya kumtetea mtu anayevuna jasho la mwenzake. Zamani kidogo nilikuwa nikiwaongoza watafiti katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Kuna mmoja nilimtembeza usiku kumi na mbili kumtafuta yule bundi mdogo wa Sokoke, nikimsikiliza sauti, nikimshikia tochi, nikimwonyesha ni matawi gani anapenda kukaa. Maandishi yake yalipotoka, mimi nilikuwa "mwenyeji mmoja". Kwa hiyo mwanafunzi wako nimemwelewa kabla hajamaliza kuuliza.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo nililielewa nilipoanza kufuga vipepeo kwa ajili ya mradi wa Kipepeo pale kwenye magofu ya Gede. Ukikusanya vifukofuko na kuvipanga katika pamba bila kuandika kila kimoja ni cha aina gani na kimetundikwa lini, baada ya siku tatu una sanduku la vitu vya kahawia vinavyofanana kama mbegu za ukwaju. Kitu ni kile kile, lakini habari yake imepotea, na haitarudi hata ukikitazama kwa darubini.

Wallace alikuwa mtu wa kuandika kitu kimetoka wapi. Aliporudi kutoka Amazon, Desemba 1852, alisoma mbele ya wataalamu wa London makala juu ya kima wa mto ule, na ndani yake alilalamika kwamba sampuli nyingi za makumbusho zimeandikwa jina la nchi tu, pengine jina la mto bila kutaja ni za ng'ambo ipi. Yeye alikuwa ameona kwamba mito mikubwa ni mipaka: kima anayepatikana ukingo wa kulia huenda asionekane kabisa ukingo wa kushoto. Na hapa msikilize vizuri, Mwalimu, kwa sababu hakusema kwamba yeye ndiye wa kwanza kujua. Aliandika wazi kuwa wawindaji wa kule wanalifahamu jambo hilo barabara, na kwamba wakimtaka mnyama fulani huvuka mto kwenda kumfuata upande wake. Ujuzi ulikuwa wa wawindaji. Alichoongeza yeye ni swali ambalo halina faida yoyote kwa mwindaji mwenye njaa: kwa nini iwe hivyo?

Swali hilo ndilo alilolibeba hadi Asia. Mwaka 1855 akiwa Sarawak alichapisha makala inayosema kwamba kila spishi imetokea mahali na wakati uliokaribiana na spishi nyingine iliyo jamaa yake, maana yake viumbe wana ukoo, na ukoo huo unaweza kufuatiliwa katika ramani. Mwaka uliofuata alivuka kutoka Bali kwenda Lombok, safari fupi isiyofika kilomita 40, akakuta ndege wa Asia wametoweka na mahali pao wamo kasuku weupe wenye vishungi, wa jamii ya Australia. Mpaka huo hadi leo unaitwa kwa jina lake. Na Februari 1858 homa ilimlaza katika visiwa vya Maluku. Akiwa amejifunika mablanketi kwenye joto la mchana, akitetemeka, alikumbuka hoja za Malthus, mchumi wa Kiingereza, juu ya njaa na maradhi vinavyopunguza watu, akaona kwamba hata wanyama hufa kwa wingi kila mwaka, na wanaobaki kwa jumla ni wale wanaofaa zaidi kuishi mahali pale. Homa ilipotulia aliandika kwa jioni chache, akampelekea Darwin kwa barua.

Sasa kwa swali la mwanafunzi: ndege yule ningempa jina la Ali leo hii, bila kusita. Lakini utangulizi wa Wallace haumo katika ndege. Umo katika kile kikaratasi kilichofungwa mguuni mwake.

Mzee wa Matondoni (Lamu) anajibu:

Wanangu, mimi si mtu wa biolojia. Nimezaliwa Matondoni katika vumbi la mbao za majahazi, na huyu Wallace nilimjua kwa sababu ya vyombo.

Desemba 1856 aliondoka bandari ya Makassar kwa jahazi la wenyeji kwenda visiwa vya Aru, karibu na New Guinea, akafika Januari, na hakuweza kurudi mpaka Julai kwa sababu upepo ulikuwa haujageuka. Kule, kama huku kwetu, hakuna anayebishana na msimu. Wafanyabiashara walikwenda na upepo mmoja kutafuta majongoo bahari, magamba ya chaza na ngozi za ndege wa peponi, wakarudi na mwingine, na yeye akarudi nao. Miezi yake sita ya Aru, ambayo mwenyewe aliihesabu kuwa miongoni mwa yenye mavuno makubwa kuliko yote, ilipangwa na manahodha wala si na wataalamu wa London.

Kilichonifurahisha ni alivyolisifu lile jahazi katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1869. Anasema hakupata kusafiri kwa raha kama ile, na moja ya sababu anazotoa ni harufu: hakuna rangi, hakuna lami, hakuna grisi, ila mianzi, henzirani, kamba za makumbi na makuti. Aliyelala juu ya dari ya jahazi usiku wa kaskazi anaijua harufu hiyo, wala hahitaji kuelezwa.

Kisha walipopita visiwa vya Kei alisimama kuwatazama mafundi wakiunda vyombo bila msumari hata mmoja. Ubao ulichongwa kwa shoka kutoka kwenye gogo zima, kingo zikaoanishwa mpaka zikakamatana, zikatiwa vijiti vya mti, na mbavu zikafungwa ndani kwa henzirani. Alikiri kwamba fundi bora wa Ulaya asingetoa kazi safi zaidi. Nilipofika hapo nilikumbuka mitepe ya babu zetu, iliyoshonwa kwa kamba za makumbi na kusafiri pwani yote hii. Sijui kama mnaona, lakini mtu aliyeweza kumtazama fundi wa Kei kwa muda wote ule na kuelewa kwa nini ubao ukae vile, ndiye yule yule aliyeweza kumtazama mbawakawa. Ni jicho moja.

Lakini majina ya wale mafundi hakuyaandika. Hilo namdai.

Bi. Shela anajibu:

Naongeza machache, kwa kuwa nimeona mara nyingi watu wakisema Darwin alimwibia Wallace. Barua ilipofika Juni 1858, Darwin alikuwa amekwisha kulifanyia kazi wazo hilo kwa takriban miaka 20 bila kulichapisha. Rafiki zake, mwanajiolojia Lyell na mtaalamu wa mimea Hooker, ndio walioamua maandishi ya wote wawili yasomwe pamoja tarehe 1 Julai 1858 katika chama cha wanasayansi cha Linnean huko London. Ni kweli kwamba Wallace hakuulizwa. Alikuwa New Guinea na barua huchukua miezi. Hata hivyo alipopata habari alifurahi, akamwandikia mama yake kwa fahari, na mwaka 1889 alitoa kitabu kizima juu ya nadharia hiyo na kukipa jina la Darwin. Darwin naye ndiye aliyehangaika mpaka serikali ikampa Wallace pensheni ya pauni 200 kwa mwaka, mwaka 1881.

Tusimfanye walii pia. Alishikilia mikutano ya kuita mizimu, alipinga chanjo, na kuhusu akili ya binadamu aliachana na Darwin kabisa, akisema uteuzi wa asili, yaani lile wazo lao la wanaofaa zaidi kubaki, peke yake hautoshi kuieleza.

Kuhusu Ali: walipoagana Singapore mwaka 1862 Wallace alimpa fedha na bunduki, na akampeleka kupigwa picha, ambayo aliichapisha katika kitabu cha maisha yake mwaka 1905. Mwaka 1907 Mmarekani Thomas Barbour, mtaalamu wa wanyama, alikuwa katika kisiwa cha Ternate huko Maluku, akasimamishwa njiani na mzee Mmalayu aliyevaa tarabushi la buluu lililopauka. Mzee akajitambulisha: "Mimi ni Ali Wallace."

Mpemba wa Malindi anajibu:

Mwalimu, wanafunzi wako usiwapeleke Lombok, waanzie hapa karibu. Miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi yalipokuwa yamegeuka barafu huko kaskazini, bahari ilishuka kama mita 120. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, kwa hiyo Unguja ilikuwa sehemu ya bara na wanyama walipita kwa miguu. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, haukukauka. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui na Pemba haikuwa naye, na ndiyo maana Pemba kuna ninga, chozi na bundi wa aina zisizopatikana bara wala Unguja. Wallace alipoandika juu ya visiwa mwaka 1880 alivigawa kwa namna hiyo hiyo: vilivyowahi kuungana na bara, na vile ambavyo havijapata kuungana.

Na kuna popo wetu mkubwa, mwenye uso kama wa mbweha, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa yanamzidi urefu mtoto wa shule. Jamaa zake wako Komoro, Madagaska, Shelisheli na Asia, lakini bara la Afrika, kilomita 50 tu kutoka Pemba, hayupo hata mmoja. Waulize kwa nini, kisha ukae kimya.

Mwalimu wa Mida:

Nawashukuru nyote, na Mzee wa Matondoni nampa shikamoo yake. Nimebadilisha somo la Jumatatu. Kabatini kwetu kuna sanduku la vipepeo waliotobolewa kwa pini tangu kabla sijaajiriwa, wote wazima, wote wazuri, bila karatasi hata moja. Nitaliweka mezani na kuwaambia wanafunzi waniambie yeyote kati yao ametoka wapi. Wakishashindwa, tutakwenda ukingoni mwa msitu na daftari, na kila kipepeo atakayeonekana ataandikiwa mti, saa na tarehe, na katika mstari wa mwisho jina la aliyemwona kwanza. Kipepeo wa Gede, ukipata nafasi siku hiyo, tunakuomba utuongoze, na jina lako utaliandika mwenyewe.