Je, ni haki makumbusho kununua kazi za wanawake peke yao?

Mleta mada: Wakuu, mwaka 2019 makumbusho ya sanaa ya Baltimore, Marekani, yalitangaza kuwa mwaka mzima wa 2020 yatanunua kazi za wanawake tu. Kati ya kazi zao 95,000 hivi, za wanawake zilikuwa kama asilimia 4. Mimi naona walifanya sawa. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza: Napinga. Picha inunuliwe kwa ubora, si kwa jinsia ya aliyeichora. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mleta mada: Chajiuza kwa jina la nani, mkuu? Judith Leyster, mchoraji mwanamke wa Haarlem, Uholanzi, aliingia chama cha wachoraji cha mji wake mwaka 1633. Alikuwa na wanafunzi wake. Mmoja alipomhama na kwenda kwa Frans Hals, mchoraji mwanamume wa mji huo huo, Leyster hakunyamaza, alidai haki yake. Akafa mwaka 1660, na jina likafa naye. Kazi zake zikawa zinapita kama za Hals. Mwishoni mwa karne ya 19 moja iliuzwa London kwa bei ya Hals: mwanamume anapiga fidla, mwanamke kainua glasi. Baadaye ikaonekana sahihi halisi, J na L zimeshikana, na nyota pembeni. Wanunuzi wakaenda mahakamani, wakarudishiwa sehemu ya fedha! Yaani picha waliyoisifia jana.

Mchangiaji wa pili: Nikazie hapo. Wachoraji wanawake Angelica Kauffman na Mary Moser walikuwa kati ya waanzilishi wa Royal Academy, chama na shule ya wasanii ya London, 1768. Johan Zoffany alipowachora wanachama wakiwa na mwanamume aliye uchi wa kuchorwa, hao wawili aliwatundika ukutani kama picha, maana mwanamke hakuruhusiwa chumba kile. Na bila kuusomea mwili wa binadamu, kazi kubwa za historia na dini utazipataje? Mwanamke mwingine kuchaguliwa mwanachama kamili ni Laura Knight, 1936. Huo ubora wangeusomea wapi?

Mchangiaji wa kwanza: Dada, hilo sibishi. Ila kisa cha Leyster kinadai utafiti, si mgawo. Fedha hizo walipwe wataalamu wa kusafisha picha na kukagua sahihi zilizolala stoo. Huenda wanawake wamo humo humo kwa majina ya wanaume.

Mleta mada: Picha zikaguliwe, sikatai. Lakini Leyster alionekana kwa sababu picha yake ilikuwa imenunuliwa na kutunzwa kama Hals. Zile ambazo hakuna aliyezinunua, mkuu, stoo gani utazikuta?