Skani ya joto ya matiti: najiandaaje, na TH3 ndo nini?

MamaNuru
Jamani habarini. Niko Columbus Ohio, Jumamosi nina apointimenti ya ile skani ya joto ya matiti, themografia, dada yangu ndo kanisukuma maana yeye alishapiga mwezi uliopita. Nina miaka 41. Wamenitumia masharti marefu, usipake losheni, usipake deodoranti, usinyoe kwapa, usinywe kahawa, usioge maji ya moto, hata sielewi kwapa na kahawa vinahusiana nini. La pili ndo linaninyima usingizi. Picha ya dada upande wa kushoto ina doa jekundu kubwa limezungukwa na njano, wameandika TH3 na wamemwambia arudi baada ya miezi mitatu wapige tena walinganishe. Nyekundu ndo kansa? Na wanasema hii inatosha, mamogramu, ile eksirei ya matiti, ya nini na mionzi yake. Bima haigusi, tunatoa mfukoni. Wenye uelewa nisaidieni.

BintiPangani
Pole da. Masharti yana sababu, fuata tu. Ile kamera haioni ndani ya mwili, inasoma joto linalotoka kwenye ngozi basi, kwa hiyo chochote kinachogusa ngozi kinaharibu picha. Losheni na poda zinaifunika, wembe unaichubua inapata moto, kahawa na sigara zinachezea mishipa ya damu, mazoezi na masaji na maji ya moto vinaleta damu juu. Kama umeungua jua ahirisha. Nywele funga juu zisiguse shingo, mikufu vua. Ukifika unavua nguo za juu unakaa kama dakika 15 kwenye chumba cha baridi ili ngozi itulie, na hapo mikono iweke mbali na mwili, wengi wanasikia baridi wanajikunyata wanakumbatia kifua halafu matiti yanapata joto la mikono. Kama unanyonyesha au uko kwenye siku zako waambie kabla. Haiumi na kweli haina mionzi.

Mionzi_Dar
Mimi niko idara ya picha hospitalini huku Dar, naomba nijibu la TH3. Nyekundu sio kansa mama. Rangi anaziweka kompyuta, ukibadilisha kipimo chake picha ile ile inaweza kutoka kijani. Msomaji anaangalia kama kushoto na kulia vinafanana joto na mishipa, halafu anatoa daraja: TH1 na TH2 kawaida, TH3 katikati hawana uhakika, TH4 na TH5 si kawaida. Ni madaraja ya joto, sio hatua za kansa, usije ukasikia 3 ukadhani ni steji ya tatu. Titi linaweza kuwa na joto kwa maambukizi, kwa homoni, hata kwa mshipa uliopita karibu na ngozi. Na kinyume chake ndo kinanitisha zaidi, uvimbe ulio ndani unaweza usitoe joto lolote la kuonekana, mtu akaondoka na TH1 yake anafurahi.

Wazo lenyewe ni la zamani, daktari Ray Lawson wa Montreal aliandika mwaka 1956 kwamba ngozi juu ya uvimbe wa kansa ina joto zaidi. Lakini hapo Marekani FDA, mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba, tangu 1982 wameikubali iwe nyongeza ya vipimo vingine tu, isisimame peke yake, na Februari 2019 wakaonya tena kwamba haichukui nafasi ya mamogramu. Anayekwambia inatosha anakudanganya, nasema wazi. Mionzi ya mamogramu ni kama ile unayoipata kwenye mazingira kwa wiki 7 hivi. Swali langu: dada akijipapasa titi na kwapa, ameshika kitu chochote kigumu?

Kaka_Likoni
Niongeze kidogo, si kwamba joto la ngozi halina kazi. Baba ana sukari, na kwenye miguu ya wagonjwa wa sukari linasaidia sana: unalinganisha sehemu ile ile mguu huu na huu, tofauti ikizidi nyuzi 2.2 za Selsiasi siku mbili mfululizo anapunguza kutembea na anamuona daktari kabla kidonda hakijatoka. Ila huko kidonda kinaanzia pale pale ngozini, titi ni kitu kingine.

MamaNuru
Nimempigia. Jamani kumbe kwapa la kushoto ana kitu kigumu kama punje ya hindi, hakiumi, alipowatajia pale kliniki wakasema ni tezi tu. Ana miaka 46 na bima haina tangu aache kazi.

Mionzi_Dar
Basi hiyo miezi mitatu asiingoje. Inawezekana ni tezi kweli, mara nyingi inakuwa hivyo, lakini hakuna kamera ya joto inayoweza kusema. Anatakiwa daktari amshike kwa mkono, mamogramu na ultrasaundi ya titi na kwapa, na wakitilia shaka wachukue kinyama kwa sindano wapime, wiki hii aanze. Picha zake za joto aende nazo tu, ila jambo la kwanza aseme ni ameshika uvimbe, asiombe cheki ya kawaida, maana ya kawaida inapangwa mbali na ni picha nyingine. Wewe mwenyewe umepita 40, hela ya Jumamosi tunza, bima nyingi hapo zinalipa mamogramu ya kawaida bila wewe kuchangia.

BintiPangani
Da, kwa wasio na bima kuna mpango wa CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, wa kupima kansa ya matiti na mlango wa kizazi, uko kila jimbo, wanaangalia kipato na umri, kwa miaka 46 anaingia. Piga idara ya afya ya Ohio uulizie huo. Na kama Kiingereza kinamsumbua aombe mkalimani wa Kiswahili pale pale kwenye simu, hospitali zinazopokea hela ya serikali lazima wampe bure, asikubali mtoto ndo amtafsirie.