Wazabuni wa mifumo ya Java, mnatutupia WAR halafu mnatuambia "kwangu inafanya kazi"

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana nimeandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Jana dada wa mapokezi ofisini kwetu ameshinda kwenye simu tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa mchana. Alikuwa anawapigia watu 63, mmoja mmoja, kuwaomba walete upya vielelezo ambavyo walishaviwasilisha. Mmoja wao ni mzee aliyepanda basi la alfajiri siku ya Jumanne kuleta mkataba wa mauziano ya kiwanja chake. Tuliuskani mbele yake, tukampa namba ya maombi, akakunja karatasi yake akaondoka. Ile skani haipo tena. Haipo kwa sababu kampuni tuliyoilipa ituundie mfumo iliamua faili za wananchi zikae ndani ya folda ambayo Tomcat, seva inayoendesha programu za Java, huifuta kila inapowekewa WAR mpya, yaani faili moja iliyofungwa programu nzima ya wavuti.

Hilo la Jumanne ni la pili. La kwanza lilikuwa Ijumaa iliyotangulia, na ndilo lililonionyesha tunafanya kazi na watu wa namna gani.

Mimi ndiye mtunza seva hapa. Seva ya zamani ilikuwa na Tomcat 8.5, toleo lililofikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 31 Machi 2024, na wakaguzi wa usalama walishatuandika kwenye ripoti yao. Tukajenga seva mpya: Linux, Java 17, Tomcat 10.1. Miezi miwili kabla ya kuhama niliwaandikia barua pepe nikawatajia vyote vitatu kwa namba zake. Wakajibu mstari mmoja: "Hakuna shida mkuu." Barua hiyo ninayo mpaka leo.

WAR ikaja Ijumaa saa kumi na moja na nusu jioni, kwa kiungo kilichotumwa WhatsApp, huku bosi wao akiwa ameshamwahidi mkurugenzi wetu kwamba Jumatatu asubuhi mfumo utakuwa hewani. Jina la faili lilikuwa la mfumo, likafuatiwa na "final", kisha "2". Watu hawa wanajua kabisa kwamba Tomcat hulichukua jina la WAR na kulifanya njia ya anwani, kwa hiyo ukiiweka kama ilivyo, viungo vyote tulivyowapa wananchi vinakufa. Nikabadilisha jina. Faili ilikuwa na megabaiti 71, na ukurasa wa msimamizi wa Tomcat una ukomo wa baiti 52428800, yaani megabaiti 50, usipouongeza mwenyewe. Nikaipeleka kwa scp, amri ya kunakili faili kwenda mashine nyingine. Hayo ni madogo, nayapita.

Kilichonikesha ni hiki. Tomcat iliipokea WAR, ikaifungua, na logi ikaandika kwamba upandishaji umekamilika kwa milisekunde 1,842. Hakuna SEVERE hata moja, neno la logi kwa kosa kubwa. Hakuna Exception. Nafungua kivinjari, 404, yaani ukurasa haupatikani. Naongeza mkwaju mwisho wa anwani, 404. Nafungua ukurasa wa kuingilia moja kwa moja, 404. Lakini picha ya nembo, iliyokuwa kwenye mzizi wa WAR, inafunguka safi kabisa! Hapo ndipo nilipopotea njia. Nembo ikifunguka, akili inakuambia mfumo upo hai na tatizo liko kwenye njia za anwani, au kwenye Nginx, programu iliyo mbele ikipokea maombi ya wavuti na kuyapitisha kwa Tomcat. Nikashinda kwenye Nginx karibu saa mbili nzima. Nikakagua umiliki wa folda. Nikasoma catalina.out, logi kuu ya Tomcat, mstari kwa mstari.

Kwa wadogo zangu wanaoanza kazi hii: catalina.out si logi pekee. Ukiona Tomcat inalalamika kwamba wasikilizaji (listeners, vipande vya programu vinavyoitwa inapoanza) wameshindwa kuanza na maelezo kamili yako kwenye logi nyingine, fungua ile faili inayoanza na localhost na tarehe ya siku hiyo. Mara nyingi kosa lenyewe limelala humo, na watu wanahangaika siku nzima bila kuifungua. Usiku ule nayo ilikuwa nyeupe.

Kosa linalopiga kelele halinitishi. Ukipata UnsupportedClassVersionError yenye 61 na 55, unajua mtu amejenga kwa Java 17 na seva ina Java 11, unamaliza kwa dakika kumi. Ukipata NoSuchMethodError unajua kuna maktaba mbili za matoleo tofauti zinagombana. Kimya ndicho kinachoua.

Saa sita usiku nikaacha kuhangaika na seva, nikaipasua WAR yenyewe kwa unzip -l nikaanza kusoma majina ya jar (vifurushi vya maktaba za Java) zilizomo WEB-INF/lib. Nikaiona: spring-web-5.3. Nilibaki nimeikodolea macho.

Kwa wasiojua, Spring ni maktaba ya msingi ya kujengea programu za Java, na Spring 5 huzungumza na seva kwa majina yanayoanza na javax.servlet. Tomcat 10 kwenda mbele haijui majina hayo, inajua jakarta.servlet. Seva inapoamka huzipitia jar zote ikitafuta, ndani ya META-INF/services, faili iitwayo jakarta.servlet.ServletContainerInitializer, ambayo ndiyo humwita Spring aanze kazi. Jar ya Spring 5 ina faili hiyo kwa jina la javax. Kwa Tomcat 10 hilo ni jina la mtu asiyemjua, kwa hiyo haioni kosa lolote, inapita zake. Programu nzima imelazwa pale na hakuna aliyeiamsha. Ndiyo maana nembo inafunguka na kurasa hazipo.

Na hili si jambo la juzi hata mseme liliwakuta barabarani. Oracle ilitangaza kuikabidhi Java EE, kanuni za programu za Java za seva ambamo javax.servlet ilikuwamo, kwa Eclipse Foundation mwaka 2017. Mwaka 2018 ikapewa jina la Jakarta EE. Mwaka 2019 mazungumzo ya kuruhusiwa kuendeleza vifurushi vya javax yakakwama, na Desemba 2020 ikatoka Jakarta EE 9 ambamo majina yamehamia jakarta. Spring Boot 3.0, iliyohamia huko, ilitoka Novemba 2022. Mtu anayeuza mifumo ya Java kwa mamilioni ya shilingi za umma hana haki ya kutolijua hili.

Nikampigia developa wao. Akapokea, namshukuru kwa hilo, kijana wa watu nilimwamsha. Neno lake la kwanza:

"Kaka, kwangu inafanya kazi."

Nikamuuliza kwake ana Tomcat gani. Kimya. Akasema ngoja aangalie. Akarudi: Tomcat 9, kwenye Windows, tena anaiendesha kutoka ndani ya programu yake ya kuandikia kodi. Barua yangu ya miezi miwili iliyopita hakuwahi kuonyeshwa. Kijana huyo simlaumu sana. Namlaumu aliyeipokea barua akajibu "hakuna shida" bila kumuuliza anayefanya kazi.

Akapendekeza atafute kila penye javax kwenye kodi aweke jakarta, anitumie WAR nyingine baada ya nusu saa. Nikamkatalia. javax.sql na javax.naming ni mali ya Java yenyewe, hazikuhama kwenda popote, ukizibadilisha umevunja muunganisho wa hifadhidata kwa mkono wako mwenyewe. Na hata ukibadilisha yale yanayostahili, Spring 5 iliyomo ndani bado ni ya javax. Tomcat 10 inaijua folda iitwayo webapps-javaee. Ukiweka humo WAR ya zamani, seva huigeuza majina yenyewe na kuinakili kwenye webapps. Nikafanya hivyo. Saa tisa kasoro robo usiku ukurasa wa kuingilia ukafunguka, na Jumatatu saa mbili wananchi wakahudumiwa. Hakuna aliyejua kilichotokea, na kampuni ikapongezwa kikaoni.

Ukiipasua WAR ile unakuta na mengine. servlet-api imepakiwa ndani, wakati ni ya seva na ilitakiwa iwekewe provided, yaani isipakiwe, kwenye Maven, zana ya kujengea WAR. Dereva za hifadhidata mbili za matoleo mawili tofauti. Yaani folda ya jar imekuwa ikikusanya kila kitu mradi baada ya mradi, na hakuna aliyewahi kuisafisha.

Sasa Jumanne. Saa nane mchana wananitumia WAR ya "marekebisho madogo", rangi ya kitufe na herufi zilizokosewa kwenye risiti. Nikaiweka mahali pa ile ya kwanza. Tomcat ikafanya inachofanya siku zote: WAR ikibadilika, huishusha programu, hulifuta folda lililofunguliwa, kisha huifungua ile mpya. Baada ya robo saa dada wa mapokezi ananipigia: "Kaka, viambatisho havifunguki."

Nikaenda kuangalia. Folda ya vielelezo ilikuwa tupu. Wamechukua getRealPath, amri inayotoa njia ya folda ya programu kwenye diski, wakatengeneza folda ndani ya programu iliyofunguliwa, na humo ndimo walimokuwa wanatupa vitambulisho, hati na mikataba ya watu. Toleo la zamani halikuwa hivyo! Lilihifadhi nje kabisa ya Tomcat, kwenye diski yake, na bekapu yake. Wamebadilisha wenyewe, hawakuandika popote, hawakumwambia mtu. Bekapu ya seva nzima huchukuliwa saa sita usiku, kwa hiyo ya Jumatatu nimeyarudisha. Ya Jumanne, kuanzia asubuhi mpaka saa nane, watu 63, yamekwenda.

Nilipokuwa natafuta kama kuna nakala popote, nikapiga ls kwenye folda ambamo Tomcat huanzia kazi. Nikakuta mafaili yenye majina kama haya:

C:\risiti\0047.pdf

Hilo lote ni jina la faili moja. Mtu ameandika njia ya Windows ndani ya kodi, na kwa Linux ule mkwaju wa nyuma ni herufi tu kama herufi nyingine, kwa hiyo risiti za wananchi zimekuwa zikimwagika pale zikiwa na jina la diski isiyokuwepo. Niliitazama orodha ile nikajua hakuna mtu hata mmoja kwenye kampuni ile aliyewahi kuujaribu mfumo huu kwenye Linux. Hata siku moja.

Nikawaandikia. Jibu: "Mngechukua bekapu kabla ya kupandisha." Nimelisoma mara nyingi na bado linaniumiza. Bekapu ya hifadhidata niliichukua. Ya faili za wananchi ningeichukuaje ndani ya folda ambayo kwa desturi haina kitu zaidi ya WAR iliyofunguliwa? Tangu jibu hilo, simu zao hazipokelewi.

Najua watakuja wa kuniambia "hamieni kwenye kontena", yaani programu ifungwe pamoja na mazingira yake yote. Sawa. Kontena, au jar inayotembea na Tomcat yake ndani, ingeniokoa usiku wa Ijumaa, kwa sababu matoleo yangekuja yamefungwa pamoja. Lakini faili zikiwekwa ndani ya kontena, siku ukiibadilisha zinakwenda vilevile. Yule mzee angepoteza skani yake vilevile. Watakuja pia wa kuuliza kwa nini hatukujaribu kwenye seva ya majaribio. Tunayo. WAR inayoletwa Ijumaa jioni na kuahidiwa Jumatatu asubuhi haipiti huko, na kosa la kukubali ratiba hiyo ni la uongozi wetu, nimeshawaambia kwa maandishi.

Ninachokitaka kwa wazabuni ni karatasi moja, haizidi ukurasa. Imejengwa kwa Java namba ngapi. Imejaribiwa kwenye seva gani, toleo gani, na mfumo endeshi upi. Inaandika faili wapi, kila mahali. Ukiibadilisha, nini kinafutika. Nani wa kumpigia saa sita usiku. Karatasi hiyo isipokuja na WAR, WAR isipokelewe, na malipo yasubiri.

Nawaomba wakuu ambao ofisi zao zimeshafanikiwa kuliweka sharti la namna hii kwenye mkataba, wekeni hapa maneno mliyotumia, mkiondoa majina. Kikao chetu na kitengo cha manunuzi ni Jumatatu.

Mzee amekubali kurudi na mkataba wake Ijumaa. Nauli ya kwenda na kurudi tumemtumia kwa simu, mimi na dada wa mapokezi, kutoka mifukoni mwetu.