Tupeane uzoefu: umewahi kusafiri kwa treni kutoka mji hadi mji hapa Marekani? Mnaona kuna dalili ya kuboreka?

Habari zenu wakuu. Niko Chicago mwaka wa kumi na moja sasa. Mwaka jana mama yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga. Ndege ilimuumiza sana magoti, kwa hiyo nikaamua kumpeleka kwa mdogo wangu, jimbo la jirani, kwa treni. Safari ilikuwa ya masaa sita, tukatumia tisa.

Hayo matatu ya ziada tuliyakaa katikati ya mashamba ya mahindi, tukisubiri treni ya mizigo ipite. Ilipokuja, mama akaanza kuhesabu mabehewa kwa vifundo vya vidole, vile anavyohesabu uradi baada ya swala. Makontena yalikuwa yamepandana mawili mawili. Alivuka mia na hamsini, akaacha. Akaniuliza, "Mwanangu, kwa nini hapa watu ndio wanaopisha makontena?"

Siku ile sikuwa na jibu, nimelitafuta baadaye. Amtrak, shirika la treni za abiria lililoanza kazi Mei 1, 1971, lina reli kidogo sana ya kwake. Ukitoka kwenye ukanda wa Boston, New York na Washington, karibu kote treni zake zinapita juu ya reli za kampuni binafsi za mizigo. Sheria tangu 1973 inasema abiria apewe kipaumbele. Lakini treni nyingi za mizigo siku hizi zinaungwa ndefu kuliko njia za kupishania, haziwezi kuchepuka hata zikitaka. Anayeingia pembeni ni yule mfupi, yaani abiria. Na wa kuzipeleka mahakamani kampuni hizo ni Wizara ya Sheria peke yake, ambayo kwa miaka mingi ilifanya hivyo kwa nadra mno. Mwaka 2024 ilifungua kesi moja kuhusu treni ya New York–New Orleans.

Sasa naomba kusikia kwenu. Mliko, treni ipo? Inafika? Na je, mnaona mabadiliko yoyote?

Mdau wa St. Louis:
Mkuu pole, ila huku kwetu mabadiliko yapo, nimeyaona kwa macho. Nilikuwa nasoma uuguzi Chicago na familia iko St. Louis, nimeipanda njia ile tangu kabla ya ukarabati. Tangu Juni 2023 treni zinakimbia hadi kilomita 177 kwa saa. Karibu dola bilioni 2 ziliingia pale: mataluma mapya, uzio, mageti kwenye makutano ya barabara na reli. Kilichookolewa ni nusu saa hivi, maana sehemu za karibu na miji bado inakwenda polepole. Lakini kwa mtu anayetoka zamu ya usiku, kulala kwenye kiti masaa matano badala ya kushika usukani ni uhai. Mwenzangu wa darasani alisinzia barabarani alfajiri, gari likaingia mtaroni. Alipona, lakini hajarudi kuendesha usiku.

Mdau wa Columbus, Ohio:
Nyie mnalalamika kuchelewa, sisi hatuna hata ya kuchelewa. Mji huu una jamii kubwa ya watu wa kwetu, na treni ya mwisho ya abiria iliondoka 1979. Mwaka 2010 serikali kuu ilitoa dola milioni 400 za kuunganisha Cleveland, Columbus, Dayton na Cincinnati. Gavana mteule wa wakati huo akazikataa, fedha zikagawiwa majimbo mengine. Baba yangu ana miaka 71, hana leseni na hasomi Kiingereza. Akitaka kumwona dada yake Cleveland lazima mmoja wetu aombe ruhusa kazini. Mara moja tulimpandisha basi la usiku, akashuka kituo kisicho chake, tukampata saa kumi alfajiri amekaa nje ya kituo cha mafuta ameshika begi lake kifuani. Hatujarudia.

Desemba 2023 njia hiyo iliingizwa tena kwenye mpango wa serikali kuu, dola laki tano za upembuzi. Ni karatasi tu kwa sasa, lakini nimeandika barua kwa mbunge wangu, nawaomba wa Ohio wenzangu mwandike.

Mdau wa Houston:
Houston ipo treni, inapita siku tatu kwa wiki. Los Angeles hadi New Orleans. Mji wa watu zaidi ya milioni mbili. Kwenda Dallas hakuna ya moja kwa moja, ni gari au ndege. Sina la kuongeza.

Mdau wa Lancaster, Pennsylvania:
Ndugu zangu, mimi ni Mkongomani, tulifika hapa kutokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Huku kwetu treni ni ya umeme, inakwenda Philadelphia kwa saa moja na dakika kama kumi, na zinapita nyingi kwa siku. Reli ile ni mali ya Amtrak yenyewe, haina wa kumpisha. Binti yangu anasoma Philadelphia na anarudi nyumbani kila Ijumaa. Mke wangu anamsubiri stesheni na sahani ya sombe (kisamvu) imefungwa kwa taulo isipoe. Sisi hatuna gari. Bila treni ile mtoto angekuwa anarudi Krismasi tu.

Mdau dereva wa lori:
Mimi ni Mkenya, naendesha lori majimbo yote haya. Naomba tusizichukie treni za mizigo. Kila kontena mama yako alilohesabu ni lori moja ambalo halipo barabarani. Wenye reli ni kampuni, wameilipia, wanafanya biashara yao. Mkitaka abiria apite, nunueni reli au jengeni ya pili kando yake. Virginia wamefanya hivyo.

Dada wa Alexandria, Virginia:
Kaka dereva kasema kweli. Mwaka 2019 jimbo letu lilitangaza makubaliano ya dola bilioni 3.7 ya kununua mamia ya kilomita za njia na kuongeza reli. Kikwazo kikubwa kilikuwa daraja la mto Potomac la mwaka 1904: njia mbili tu, mizigo, treni za Amtrak na za wafanyakazi wa kila siku wote hapo hapo. Oktoba 2024 walianza kujenga la pili kando yake, la abiria. Mimi napita juu ya lile la zamani kila asubuhi kwenda kazini, na naziona krini mtoni. Kila wiki najikuta natafuta dirisha la upande ule.

Mdau wa St. Paul, Minnesota:
Miaka yote tulikuwa na treni moja kwa siku kwenda Chicago, na hiyo inatoka Seattle, safari nzima ni zaidi ya kilomita 3,500. Theluji ikianguka Montana, wewe unachelewa Minnesota. Mei 2024 ikaongezwa ya pili, Borealis, inaanzia hapa hapa St. Paul. Haibebi ucheleweshaji wa mtu. Hawakujenga reli mpya ya kasi, waliongeza treni moja tu kwa fedha za majimbo matatu pamoja na serikali kuu, na maisha yamebadilika.

Mdau aliyetoka likizo Bongo:
Nimepanda SGR Dar–Dodoma. Umbali unakaribiana na wa Chicago–St. Louis, na ile ya haraka inafika chini ya masaa manne. Kwa nini? Reli ni mpya, ya umeme, na ni mali ya umma tangu siku ya kwanza.

Mleta mada:
Asanteni sana, nimesoma yote. Naona mnakotoa habari njema, ama reli ni ya umma, ama jimbo limetia fedha zake. Ndiyo maana mwaka huu unanitia wasiwasi: sheria ya miundombinu ya serikali kuu ya 2021, iliyotenga dola bilioni 66 kwa reli, inaisha Septemba 2026, na majimbo hayawezi peke yao. California, waliopitisha treni ya kasi kwa kura 2008, Julai 2025 walinyang'anywa karibu dola bilioni 4 za serikali kuu, wakati nguzo za reli hiyo zimeshasimama kwenye bonde la kati la jimbo. Mdau wa Columbus, nitumie nakala ya ile barua yako, na mimi nimwandikie mbunge wangu.

Mama anarudi mwezi wa sita. Nimemkatia tiketi ya St. Louis, treni ya asubuhi.