Mrejesho: yule mama aliyekuwa hatulii ninapomkanda

Ndugu zangu, nimerudi. Niliuliza nimfanyeje mteja wangu, mama mmoja ambaye hata nikimkanda saa nzima mabega yanabaki magumu, pumzi fupi fupi, moyo unamwenda mbio. Mkaniambia nianze na joto kabla ya mikono.

Nikaloweka taulo kwenye maji ya moto, nikalikamua, nikalijaribu kwanza kwa ndani ya mkono wangu, kisha nikamtandikia mgongoni. Miguuni nikaweka chupa ya maji ya moto niliyoizungushia kanga. Kama dakika 15 hivi. Misuli ililegea kweli, maana joto hupanua mishipa ya damu, lakini moyo haukutulia hadi nilipoongeza kitambaa cha baridi usoni, kwenye paji na mashavu, kwa nusu dakika, huku akitoa pumzi taratibu. Baridi ya usoni huamsha neva ya vagasi, yaani mshipa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo hadi moyoni, nayo hupunguza mapigo ya moyo. Alishusha pumzi ndefu, machozi yakamtoka kidogo, akalala. Nilifurahi mno.

Siku ya pili nilikosea: nikamgusisha barafu shingoni ghafla. Akashtuka, mwili mzima ukakaza upya. Sasa natumia kitambaa tu, tena baada ya kumwomba ruhusa.

Na wewe uliyesisitiza nimuulize kuhusu kisukari, Mungu akubariki sana. Anacho, na nyayo zake zina ganzi. Chupa ya miguuni nimeiacha kabisa, maana angeweza kuungua bila kuhisi.