Eti Kenya hatuna pengo kubwa kama Afrika Kusini?

Mama Pendo, Obunga
Hamjambo wenzangu. Mimi nakaanga mgongo wazi hapa Obunga, Kisumu, mwaka wa tisa sasa. Samaki mbuta akifika kiwandani hutolewa minofu ikaenda Ulaya, sisi tunauziwa kichwa na mifupa, ndio huo mgongo wazi. Kile kinyama kilichong'ang'ania kwenye mbavu ndicho mtoto wa hapa anachokijua kama samaki. Jana binti yangu ametoka shuleni anasema Afrika Kusini ndiyo ya kwanza duniani kwa pengo la tajiri na maskini, Kenya tuko mbali chini. Kutoka hapa hadi Milimani, mtaa wa matajiri, ni nauli ya boda tu, na maisha hayafanani hata kidogo. Hesabu hiyo hupigwaje?

Mwalimu wa Nakuru
Mama Pendo, binti hajakosea. Kipimo kinaitwa Gini, kwa jina la Corrado Gini, Mwitaliano wa 1912. Sifuri, wote wanapata sawa. 100, mmoja kabeba vyote. Benki ya Dunia inaiwekea Afrika Kusini 63 (2014), Kenya karibu 39 (2021). Norwe haifiki 30. Afrika Kusini kulikuwa na sheria ya ardhi ya 1913 iliyowabana Waafrika kwenye asilimia 7 hivi ya nchi. Kura ya 1994, ya kwanza kwa watu wa rangi zote, haikurudisha mashamba.

Otis wa Dunga
Mwalimu, malizia basi. Kwetu hawapimi mapato, wanapima matumizi ya kaya. Tajiri anayeweka akiba au kununua ploti, pesa hiyo haionekani humo. Na geti lake karani wa takwimu hafunguliwi kirahisi.
Halafu Gini ya Kenya inaishia mpakani. Anayekula ule mnofu Ulaya hayumo. Ukiweka dunia nzima pamoja, ripoti ya dunia ya 2022 kuhusu pengo hili inasema asilimia 10 ya juu wanachukua asilimia 52 ya mapato, nusu ya chini wanagawana 8.5. Hapo ndipo sufuria yako ilipo, mama.

Mama Pendo, Obunga
Asanteni sana. Sasa nimeelewa kitu. Karani aliwahi kunijia na dodoso. Aliniuliza wiki hiyo nimenunua mafuta kiasi gani, unga kiasi gani, nikamtajia vyote, akaandika. Mafuta yale nilikuwa nimekopa dukani, na hilo hakuniuliza.